Ukuta Nilioupaka Chokaa

Ujiji, alasiri

Mwanangu Zuhura,

Naomba radhi kwa ukimya wangu. Ni ajabu baba kumwomba radhi ya ukimya mtoto anayelala chumba cha pili, lakini wewe na mimi tunajua kwamba tangu siku ile ya chokaa sijasema nawe neno lenye uzito. Nimeuliza kama mlango umefungwa. Nimesema chai imepoa. Nimeitikia shikamoo zako. Zaidi ya hapo, kwa wiki sita nimepita kando yako kama mpangaji. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliona haya, na mtu wa umri wangu akiona haya, uso wake hufanana sana na uso wa mtu aliyekasirika.

Umekwenda Mwandiga kumuaga mama yako mdogo, na kwa jinsi ninavyomjua hatakuruhusu uondoke kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Sitaandika habari za sanduku, wala tiketi, wala za kutonunua chakula dirishani kila treni isimamapo. Hayo shangazi yako ameyasema tangu Jumapili, na ataendelea kuyasema mpaka treni ing'oke. Tabora si mbali, chuo cha uuguzi si jela, na wewe si mtoto mdogo. Nataka kukuandikia habari za nyumba hii, na za jambo nililolifanya mlangoni pake siku ambayo wewe hukuwepo.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza. Kaka yako Idi aliandika kutoka Dodoma kwamba wewe ukienda chuoni nitabaki peke yangu na vyumba vitano, na kwamba mzee hapaswi kuteka maji mwenyewe. Nilikubali nyumba iuzwe, nami nihamie kwake. Nilipokubali, jambo la kwanza nililotaka ni kuijenga upya: nivunje ukuta wa uani, niezue bati lote, niweke sakafu ya saruji kila chumba. Hamisi dalali alicheka mpaka akaketi.

"Mzee Ramadhani, usijenge!" alisema. "Bibi kizee ukimvisha gauni la harusi, watu hawatasema kapendeza. Watauliza nani kamtoa akili. Mwoshe uso tu, umfunge kilemba safi, akae barazani. Mwenye kumtaka atamtaka."

Nilimwona mpuuzi, lakini katika hilo alisema kweli. Mwenye kununua nyumba ya zamani anajua kwamba ni ya zamani. Anataka kuona kwamba ilitunzwa. Ndipo wewe na mimi tukafanya ile kazi ya mwezi mzima, na sijakuambia kwamba ulikuwa mwezi wangu mzuri kuliko yote tangu mama yako afariki. Ulishika ngazi nami nikaziba matundu ya bati kwa lami. Ulipaka mafuta bawaba za mlango mkubwa, ule uliokuwa ukilia tangu hujazaliwa, na siku ya kwanza mlango uliponyamaza nilishtuka kukuona ukumbini bila kusikia umeingia. Tulijaza udongo kwenye mashimo ya sakafu, tukaupiga, tukausiliba. Tulifyeka michongoma iliyoziba dirisha la chumba changu, na jua likaingia mahali ambapo halijaingia kwa miaka mingi, likaonyesha vumbi lote nililokuwa nikiishi nalo kwa heshima.

Nikukumbushe pia kosa langu la kabati, kwa kuwa hilo ulilicheka na ulikuwa na haki. Ule ufa wa chumba cha mama yako, unaoshuka kutoka dirishani hadi sakafuni, nilikukataza usimwambie mtu. Nikasukuma kabati mbele yake. Siku Bwana Sefu alipokuja kutazama nyumba mara ya kwanza pamoja na mkewe, Bi Tatu, yule mama aliingia, akasimama, akalitazama kabati.

"Mzee, shikamoo tena," alisema. "Makabati ya watu hukaa pembeni. Hili limesimama katikati ya ukuta kama askari wa lindo. Linalinda nini?"

Nikasema ndivyo alivyolipenda marehemu.

"Marehemu apumzike," alisema Bi Tatu. "Mume wangu, hebu sogeza hilo kabati."

Likasogezwa. Ufa ukaonekana. Bi Tatu alicheka kwa furaha kabisa. "Ufa tu? Mimi nilidhani umezika mtu! Nyumba ya matofali mabichi isiyo na ufa nimeiona wapi? Haya, Mzee, tuonyeshe na nyingine, usituchoshe kwa kusukuma makabati." Baada ya hapo nilimwonyesha kila kitu: mwamba wa paa ulioliwa na mchwa, choo kinachojaa wakati wa masika, dirisha lisilofungika. Kadiri nilivyomwonyesha mabaya ndivyo alivyoipenda nyumba. Ungedhani nilijifunza siku hiyo. Mwanangu, mtu anaweza kufundishwa jambo asubuhi, akalikubali, akalisimulia kwa wenzake jioni, na bado wiki ifuatayo akafanya kinyume chake.

Kabla ya chokaa kuna sanduku la nguo za mama yako. Nililigawa baada ya arobaini, mchana mmoja, kwa utaratibu, kila jamaa na fungu lake, na saa ya alasiri sanduku lilikuwa tupu. Watu walinisifu kwa kutokawia. Wewe ulirudi kutoka shule ukaniuliza kama imebaki kanga hata moja. Nilikujibu kwamba nguo ni nguo. Hukulia mbele yangu, nami nikajipongeza kuwa nimelea mtoto mwenye nguvu. Sasa najua kwamba nilikuwa natamani kumaliza. Nina ugonjwa wa kutaka mambo yaishe na yawe safi. Watu huuita uadilifu, nami niliwaacha waendelee kuuita hivyo.

Sasa ukuta.

Mwaka ule wa maboti wewe ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka, kwa hiyo sitakueleza jinsi watu waliokimbia vita vya Kongo walivyokuwa wakishuka Kibirizi, na hapa kwetu ufukweni, wakiwa na sufuria na magodoro na watoto. Walilala barazani petu wakingoja magari ya kuwapeleka kambini. Mzee mmoja kutoka mji wa Baraka ndiye aliyeanza. Alimwomba mama yako kaa la jikoni, akaandika jina lake kwenye ukuta wa mbele, ili mwanawe akipita ajue baba yake amevuka salama. Mimi nilitoka msikitini nikaukuta ukuta wangu umechorwa. Nilipandisha sauti. Nilisema ukuta si ubao wa darasani, na kwamba Kiswahili chao kinanitia homa.

"Baba Idi," mama yako alisema, na hakuacha kupepeta mchele, "babu yako naye alivuka ziwa hili. Alipofika hapa alikisema Kiswahili cha nani?"

Kufikia mvua za mwaka ule ukuta ulikuwa na majina kutoka dirishani hadi mlangoni. Fulani wa Fizi amepita. Fulani yupo na dada zake. Na watu walikuja kuyasoma. Ulikuwepo siku yule binti aliyekuwa akipita na ndoo aliposimama, akaweka kidole ukutani, akaitua ndoo na kupiga vigelegele peke yake katikati ya njia. Mama yako alitoka mbio na ungo mkononi, akamwitikia vigelegele hata kabla hajajua ni vya nini.

Miongoni mwao alikuwapo Mama Amani. Huenda unamkumbuka: mrefu, na watoto wanne, alilala kwetu siku tatu na kila asubuhi alifagia uwanja wote bila kuombwa. Siku ya kwenda kambini aliandika kwa mkono wake chini ya dirisha: "Mama Amani wa Kazimia. Tuko wazima wote watano. Tunaenda Lugufu." Mahali pale ndipo ninapoketi kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo niliyasoma maneno hayo kila siku, nikinung'unika, mpaka nikayajua kama ninavyolijua jina langu.

Mama yako alipokufa sikuyagusa majina yale kwa sababu yalikuwa yake. Lakini nyumba inauzwa, na Hamisi alisema tuuoshe uso. Wewe ulikuwa umekwenda Kibirizi kununua dagaa. Nilikuwa nimekwisha kuloweka chokaa siku mbili na chumvi ya Uvinza ili ishike, nikachukua brashi ya katani nikaanza mlangoni.

Nataka ujue nilivyofikiri, kwa kuwa si kweli kwamba sikufikiri. Miaka thelathini nilikuwa karani bandarini. Nilikuwa na orodha ya abiria mkononi, na kila aliyeshuka melini nilipiga mstari juu ya jina lake. Mstari ulikuwa na maana moja tu: huyu amefika. Mwisho wa kazi, orodha nzuri ni ile ambayo majina yote yamepigwa mstari. Ndivyo nilivyojiambia nikipaka: hawa wamefika, wako kambini, wanakula, kazi imekwisha. Nilipaka chini ya dirisha nikiwa na amani moyoni. Sikujiuliza kwamba orodha ile haikuandikwa kwa ajili ya waliofika. Iliandikwa kwa ajili ya wale ambao hawajafika.

Uliporudi ulisimama na kapu lako la dagaa.

"Baba, na majina?"

"Majina gani? Nyumba inauzwa."

"Umewafuta watu, Baba," ulisema, ukaingia ndani. Kamba ya kapu ilikuwa imekatika na dagaa walimwagika kizingitini, nawe hukugeuka kuwaokota. Niliwaokota mimi.

Hayo unayajua. Usilolijua ni hili.

Siku nane baadaye ulikuwa umekwenda mjini kuchukua picha zako za chuo. Bwana Sefu alikuja mara ya pili pamoja na Hamisi ili tukubaliane. Tulikuwa tumesimama nje, na Bwana Sefu akasema, "Nyumba ni nzuri, Mzee, sina neno. Ila mtaani naambiwa wakimbizi wanaijua sana. Mimi nataka nyumba, sitaki kituo. Nikivunja hapa mbele niweke duka, halafu kila siku mtu ananigongea anamuulizia nduguye?"

Hamisi akamjibu haraka, "Hao walipita tu zamani, bosi. Tazama ukuta. Kuna alama hata moja?"

Wakati huohuo akaja mtu. Alikuwa mwembamba, shati lake limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, miguuni ana ndala zisizofanana. Aliusogelea ukuta moja kwa moja, akautazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akatugeukia, akanichagua mimi kwa kuwa ndimi mwenye mvi.

"Jambo, Baba. Niko natafuta bibi yangu, mama ya watoto yangu. Mama Amani, wa Kazimia. Watu wa Kibirizi wananiambia kuko nyumba hapa Ujiji, karibu ya msikiti, majina inaandikwa ku ukuta."

Hamisi alikohoa. Bwana Sefu alinitazama. Zuhura, yale maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kumsomea na alama za vituo. Nilisema, "Labda ni nyumba nyingine. Hapa hapajaandikwa kitu."

Alisema, "Haiko hii?" Akaweka kiganja chake juu ya chokaa, akakitazama, kimekuwa cheupe. "Kambi ya Nyarugusu nimefika, haiko. Basi, asante, Baba. Nitaenda Ilagala, kuko ndugu anavua kule. Nitaendelea kuuliza." Akanishukuru. Hilo ndilo ninaloamka nalo, kwamba alinishukuru.

Alipopinda kona, Bwana Sefu alisema, "Unaona sasa, Mzee?" Hamisi akacheka, akageuza mazungumzo. Mimi nilibaki nikihesabu hatua za yule mtu moyoni: sasa yuko kwa muuza mkaa, sasa yuko kwenye kisima, bado ningeweza kumwita. Lakini kumwita ni kukiri mbele ya watu wawili kwamba nimesema uongo, na mimi ni Mzee Ramadhani, ambaye, ukiacha lile kabati, tangu ujana wake hakuna aliyemshika kwa uongo. Nilikuwa nalinda jina langu. Jina moja, zuri, dhidi ya yale yote.

Walipoondoka niliteremka hadi ufukweni. Boti ya Ilagala ilikuwa imeng'oa nanga, niliiona injini yake ikitoa moshi upande wa kusini. Jioni nilichukua ndoo na kitambaa nikaja kuosha chokaa chini ya dirisha, nikidhani nitayapata maandishi yakiwa salama chini yake. Chokaa ilitoka, na mkaa ukatoka nayo. Maji yalikuwa ya kijivu. Nikapaka upya kabla hujarudi. Ndiyo maana kiraka kile ni cheupe kuliko kwingine, nawe uliniuliza sababu, nami nikasema chokaa haikuiva.

Ningeweza kwenda Ilagala kesho yake. Boti zipo kila siku. Nilisema nitakwenda baada ya Ijumaa. Kisha nikasema nitakwenda mguu ukipona, ingawa mguu ulikuwa mzima. Nikasema pengine ameshampata, dunia si pori. Hivi ndivyo wiki tano zinavyopita. Na kila uliponiamkia nilidhani unajua, nikaitikia kwa ufupi nikatoka. Ulikuwa ukimkasirikia baba aliyepaka chokaa. Sikuwa na moyo wa kukuonyesha aliye mbaya kuliko huyo.

Sikuandikii haya ili uwe na somo la kubeba katika sanduku. Unakwenda kujifunza kazi ya kukaa na wagonjwa, na watu watakuuliza maswali ambayo majibu yake yatakuaibisha wewe au yatamwaibisha mkubwa wako wa kazi. Sina ushauri wa kukupa juu ya hilo, maana mimi nilipoulizwa nilishindwa. Ninalojua ni kwamba uongo wangu ulikuwa na maneno saba, na ulinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Na ninajua kwamba ningeugeuza papo hapo ungenigharimu mnunuzi mmoja na kikohozi cha Hamisi. Sasa unanigharimu safari, na hata safari haina hakika. Ukiteleza, nawe utateleza, geuka ungali unamwona mtu mgongo.

Na ukiniona siku moja nimekunyamazia, usinihurumie wala usiningoje. Niulize. Mama yako alikuwa akiniuliza huku akipepeta mchele, asinitazame usoni, ili niweze kujibu.

Nimemwambia Hamisi leo asubuhi kwamba Bwana Sefu asije Ijumaa kutia sahihi. Alipiga kelele. "Mzee, mteja kama huyu ukimwacha apoe, atanunua kiwanja Mwandiga!" Nikamwambia anunue. Nikamwambia vilevile, mbele ya shangazi yako, kwamba majina yalikuwepo na kwamba nilimdanganya yule mtu mbele yake, naye anajua. Hamisi alitazama chini. Baadaye akasema polepole, "Mimi nilidhani umesahau, Mzee. Nikasema nisikukumbushe." Kumbe hata yeye hakuwa amesahau.

Kesho nitakusindikiza stesheni. Barua hii nitakupa ukiwa umeshapanda, na naomba usiifungue mpaka treni iondoke. Huo ni woga wangu wa mwisho, univumilie. Kesho kutwa alfajiri nitapanda boti ya Ilagala. Nitamtafuta mtu wa Kazimia, baba yake Amani, kila mahali wanapoanika dagaa. Nikimpata nitamwambia mkewe aliandika nini, neno kwa neno, na kwamba aliyefuta ni mimi na aliyekana ni mimi. Akitaka kunitukana nitasimama. Akikubali, tutakwenda Lugufu pamoja. Nikimkosa, nitakwenda Lugufu peke yangu, nimtafute Mama Amani mwenyewe, nimwambie mumewe yu hai na alikuja kuuliza.

Habari ya kuiuza nyumba sijui. Huenda bado ni busara kuhamia kwa Idi. Huenda Bwana Sefu ataivunja sehemu ya mbele, na itakuwa haki yake. Huenda nitabaki hapa na kaa la jikoni nikiandika upya majina ninayoyakumbuka, na nimekwisha kukumbuka kumi na tisa. Lakini sitatia sahihi karatasi yoyote kabla ya safari hiyo. Nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, na nitaanza kwa kukuambia kama nilimpata, hata kama jibu ni hapana.

Baba yako,
Ramadhani